Mama Asiye na Tabia ya Kuacha

Kila mtu anayo, lakini akiambiwa anayo hukasirika.

Usiseme kisogo, kisogo hakijamkasirisha mtu. Usiseme kivuli. Umeshindwa, basi tupe mji. Haya, mji tumeupokea, tumekwenda, tumekula, tumerudi: ni tabia. Kama unabisha, mwambie jirani yako, "Wewe una tabia," kisha unyamaze, uone kama kesho atakuitikia salamu. Hata ukimwambia ana tabia nzuri atakuuliza ulitaka kusema nini kabla hujaongeza hiyo nzuri.

Na hapo ndipo pa kuanzia, maana ilikuwako nchi moja iliyougua kwa ajili ya neno hilo. Jina la nchi halitajwi. Si kwamba ilikosa jina, ila kamati ya kuitafutia jina zuri zaidi bado imekaa hotelini, na mambo mazuri hayataki haraka. Mtawala wake zamani aliitwa Mheshimiwa kama watawala wengine. Baadaye kila mwenye gari na tumbo akawa Mheshimiwa, ikabidi yeye aitwe Mheshimiwa Mno.

Mheshimiwa Mno alialikwa ng'ambo kwenye mkutano mkubwa wa mabadiliko ya tabianchi. Akaenda kwa ndege mbili, moja ya watu na moja ya kiti chake, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukalia viti vya watu. Ukumbini wakamvisha visikilizio vya mkalimani. Lakini safari ilikuwa ndefu na ukumbi ulikuwa na ubaridi mzuri, usingizi ukawa unamchukua na kumrudisha, na neno likamfikia vipande vipande. Akasikia "tabia". Akasinzia. Akasikia "nchi". Akasinzia. Alipozinduka mkalimani alikuwa anasema, "Imebadilika, na sote tuna hatia." Mheshimiwa Mno akatazama chini. Aliona haya ile wanayoona wazazi walioitwa shuleni kwa ajili ya mtoto.

Aliporudi alihutubia pale pale uwanja wa ndege, kabla hata ya kiti chake kuteremshwa.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimesemwa. Nimesemwa mbele ya mataifa, wengine wadogo kwangu kwa umri na kwa mwili. Nimeambiwa tabia ya nchi imebadilika. Sikujitetea. Ningejiteteaje, nami nawajua?"

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa ni kweli alikuwa anawajua.

Mtaalamu mmoja wa mvua aliomba ruhusa ya kueleza kwamba tabianchi ni habari za jua, mvua na joto. Akaulizwa jua lina tabia gani, lilimtukana nani, lilionekana lini likitoka nyumba ya watu. Kwa kuwa serikali haimtupi mtu wake, alihamishiwa kisiwani kwenye mnara wa taa, akapewa zamu ya mchana.

Ikaundwa Wizara ya Tabia. Wizara ikayafungua makabrasha ya mkutano, ikakuta picha za watu wenye vikapu, watu wanaotembea kwa miguu, watu wanaokula majani wakicheka. Ikatambua kuwa hizo ndizo tabia njema za duniani: kutembea, kula mboga, kuacha sukari na vya kukaanga, kutochoma plastiki, kutotupa taka, kutomwaga maji ovyo. Rangi ya tabia njema ikawa kijani. Salamu ya zamani ikafutwa. Ukikutana na mtu unamwambia, "Jana siyo leo," naye anakujibu, "Na kesho ndiyo kabisa."

Kisha likatoka tangazo. Kila kaya itafute tabia yake mbaya, na siku itakayotajwa, iitwayo Siku ya Kuacha, isimame uwanjani iitaje na kuiacha mbele ya watu. Kaya iliyoacha itapakwa mlango rangi ya kijani. Kaya isiyoacha kitu itaitwa kaya sugu, na uwanja wake wa nyuma utachukuliwa na serikali ili uwe Eneo la Kijani. Hakuna aliyepinga. Kupinga kulikuwa tabia ya kwanza katika tabia mbaya.

*

Sasa huko Mtaa wa Mferejini aliishi mama mmoja aitwaye Bi Sikudhani na mumewe Mzee Shomvi, tarishi mstaafu. Watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa mbali. Nyumba ilikuwa ndogo, lakini nyuma palikuwa na bustani ya ukubwa wa mikeka mitatu, na humo mlikuwa na mchunga, mlenda na matembele.

Bustani ile haikuwa ya pambo. Mzee Shomvi alikuwa na sukari, na kwenye unyayo alikuwa na donda lililomlaza mwaka mzima. Bi Sikudhani alimlisha mchunga, ile mboga chungu inayomfanya mtoto alie akiiona, asubuhi na jioni, bila sukari, bila mandazi, bila msamaha. Donda likaanza kufumba. Mganga wa zahanati alilitazama akasema, "Mama, unachompa endelea nacho. Hapa dawa zipo siku zikiwepo. Ila likifunguka tena, tutazungumza habari ya msumeno." Tangu siku hiyo Bi Sikudhani alikuwa akipita bustanini anaipa salamu ile bustani kama mtu.

Sokoni alikwenda kwa miguu na kikapu chake cha ukili. Maganda aliwapa kuku, na walichokikataa kuku alikifukia. Maji ya kuoshea vyombo aliyamwagia mboga. Maharage aliyaloweka usiku, akayachemsha kidogo, kisha akalifunika sufuria kwa matambara ya kanga ndani ya tenga, yakaiva yenyewe na mkaa ukabaki. Hakuwahi kujua kwamba hizo ni tabia. Alidhani ni umaskini.

Jioni wakila, Mzee Shomvi hakukosa kutega.

"Nina mke wa pili," alisema siku moja, "mchungu kama nini, lakini kila jioni namtia mdomoni."

"Mchunga," akajibu Bi Sikudhani. "Na huyo mke wa pili nampika mimi."

"Ndiyo maana hamgombani."

"Tutagombana vipi, naye hana ulimi? Wewe kula, acha maneno."

Wakacheka. Hiyo ndiyo raha waliyokuwa nayo, na haikuhitaji umeme.

*

Afisa Tabia wa mtaa aliitwa Bwana Ndembo, kijana mnene mwenye uso wa huruma. Alifika akaliacha gari mlangoni linaunguruma, kwa sababu kulizima na kuliwasha tena kunakula mafuta, na mafuta ni mazingira.

"Jana siyo leo, Mama."

"Na kesho ndiyo kabisa, mwanangu. Karibu kigoda."

Bwana Ndembo akakaa, akafungua chupa ya maji, akanywa funda moja, akaiweka chini, akafungua nyingine. "Nimekuja kuchukua tabia yako. Mifuko ya plastiki unatumia mingapi?"

"Situmii. Nina kikapu."

"Vizuri sana. Umeanza lini?"

"Nilikuja nacho hapa nilipoolewa. Hiki ni mjukuu wake."

Kalamu ya Bwana Ndembo ikasita. "Sokoni unaenda na usafiri gani?"

"Na huu." Akanyoosha miguu.

"Tangu lini?"

"Tangu niache kutambaa."

"Sukari je? Vya kukaanga?"

"Mzee anaumwa, baba. Mafuta hapa hupakwa mlango ukilia."

"Plastiki unachoma wapi?"

"Plastiki gani? Chupa ikiingia humu haitoki. Ile pale ina chumvi, ile ina mbegu za mlenda."

Bwana Ndembo akavua kofia, akajifuta jasho, akamtazama kwa uchungu. "Mama, unaniangusha."

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote, na hapo ndipo penye tatizo. Wizara inataka mabadiliko. Mabadiliko ni hesabu ya kutoa. Unachukua leo, unatoa jana, kinachobaki ndicho ulichobadilika. Sasa wewe jana kikapu, leo kikapu. Nitoe nini nibakize nini? Sifuri. Na sifuri kwenye ripoti ni mtu aliyekataa."

"Si nimetangulia tu, mwanangu?"

"Aliyetangulia na asiyetoka nyumbani, Mama, wote hawakuonekana njiani." Akageuka kwa Mzee Shomvi kwa matumaini. "Mzee wangu, na wewe? Hata katabia kadogo?"

"Napenda vitendawili," akasema Mzee Shomvi.

"Vina moshi?"

"Havina."

"Basi." Bwana Ndembo akasimama. Alitembea mpaka nyuma, akaitazama bustani, akaipima kwa macho, na Bi Sikudhani aliyaona yale macho yakipima. "Watalichukua eneo hili, Mama. Mimi sitaki. Lakini mimi ni nani? Nina mkuu wangu, naye ana mkuu wake, naye huyo ana Mheshimiwa Mno." Akashusha sauti. "Tafuta tabia. Ipate mbaya, ikomae, halafu uiache mbele ya watu. Mimi sitauliza uliitoa wapi."

"Na inakomaa kwa muda gani?"

"Mpaka majirani waanze kukusema."

Akaondoka, na chupa zake akaziacha pale chini. Bi Sikudhani akaziokota, akazisuuza.

*

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa Mama Chausiku, mwanamke mcheshi mwenye kila tabia iliyotajwa na wizara na nyingine ambazo wizara ilikuwa haijafikiwa nazo. Katika mazoezi ya kujiandaa na Siku ya Kuacha alikuwa akipanda jukwaani kila mara, anaacha moja, anashangiliwa, anapewa zawadi.

"Mimi, shoga yangu, ninazo za kuacha mpaka wajukuu waje wamalizie," alisema akiwa amejitandaza mkekani. "Nimeacha kuchoma plastiki, nikapewa ndoo ya plastiki. Nimeacha soda, nikapewa kreti za soda. Zimejaa uvunguni."

"Soda kwa kuacha soda?"

"Kiwanda cha soda ndicho kilichodhamini. Ungetaka watoe nini, mchunga?" Akacheka mpaka akajishika ubavu. Alipomwona mwenzake hacheki, akakaa vizuri. "Unaumia nini? Mimi ninazo nyingi, wewe huna hata moja. Nikuazime."

"Tabia inaazimwa?"

"Mbona mimi yangu nilimwiga mume wangu? Chukua ile ya kuchoma."

"Moshi utamwingia mzee kifuani."

"Ya kutupa taka mtaroni."

"Mtaro unapita kwangu, Mama Chausiku. Hizo zako zenyewe nazikuta kwangu."

"Kumbe huwa ni wewe unayezitoa? Mwenzio nikidhani ni serikali." Akafikiri kidogo. "Basi chukua soda. Haina moshi, haina harufu. Wewe kaa kibarazani, kunywa waone, chupa tupa njiani. Siku ikifika unaiacha, mlango unapakwa, bustani yako inabaki. Kuna ubaya gani?"

Na kweli, kila walipotafuta ubaya hawakuuona. Ulikuwa umekaa ndani ya chupa, na chupa ilikuwa na picha ya watoto wanaocheka.

*

Bi Sikudhani akaanza. Alikaa kibarazani kwake kama bibi harusi aliyekosewa, chupa mkononi, akanywa. Tumbo lake halijazoea vile vitu, likaunguruma kuliko gari la Bwana Ndembo. Chupa akaitupa njiani kama alivyoelekezwa. Jua lilipotua akatoka kimyakimya akaiokota.

Asubuhi Bwana Ndembo alikuwa mlangoni. "Mama, umesemwa. Nilifurahi, nikadhani inakomaa. Kumbe umesemwa kwa kuokota. Ukiokota hiyo siyo tabia."

"Mkono wenyewe, mwanangu. Sikuutuma."

"Uzuie."

Akauzuia. Lakini tumbo hakuweza kulizuia. Siku zile hakulala. Kila akimeza, kinarudi. Mwishowe Mzee Shomvi, aliyekuwa akimtazama kutoka kwenye kitanda chake cha kamba, akasema, "Lete huku nikusaidie."

"Wewe, na sukari yako?"

"Glasi moja. Kaya ni moja na tabia ni ya kaya. Au unataka bustani ichukuliwe, kisha nile nini?"

"Mimi ndiye nitakayekula kiapo uwanjani. Mimi ndiye ninywe."

"Umenilisha miaka kwa mkono wako, Sikudhani. Nami niache nikupokee mzigo siku mbili."

Akamtazama. Mwanamume yule alikuwa amekonda kwa ajili ya kumtii, na sasa anaomba kumsaidia kitu kimoja. Akamtilia nusu glasi. Mzee Shomvi akanywa, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda.

"Ni vibaya sana?" akauliza Bi Sikudhani.

"Ni vibaya," akasema Mzee Shomvi. "Hebu ongeza kidogo nihakikishe."

*

Siku ya Kuacha ilikuwa imetajwa kuwa mwisho wa mwezi ule. Haikuwa. Mheshimiwa Mno alialikwa ng'ambo tena, safari hii kutoa taarifa ya jinsi nchi yake ilivyobadilika, na ilibidi kwanza atoe taarifa ndipo wabadilike. Siku ikasogezwa. Halafu rangi ya kijani ikaisha nchi nzima, kwa sababu magari ya wizara yote yalikuwa yamepakwa ndani na nje. Ikasogezwa. Halafu palikuwa na ubishi ni kijani kipi, cha jani au cha chura, ikaundwa kamati, ikaenda hotelini kwa wale wa jina.

Na siku zote hizo tabia ilitakiwa iendelee kukomaa.

Glasi moja ikawa chupa. Chupa ikawa ya asubuhi na ya jioni. Mama Chausiku, kwa wema wake, akawa anapitisha na mandazi juu ya ukuta. "Soda kavu haishuki," alisema. Mzee Shomvi akanawiri uso, macho yakang'aa, akawa anasimulia habari za baiskeli yake ya utarishi mpaka watu wa njiani wakasimama kusikiliza. Lakini mchunga ulirudi jikoni kwenye sahani kama ulivyokwenda. Siku ya kwanza alisema ameshiba. Siku ya pili alisema atakula baadaye. Siku ya tatu aliusogeza tu kwa kidole.

"Shomvi, kula."

"Nitakula siku tutakayoacha."

"Tunaigiza tu, mume wangu. Umesahau?"

"Sijasahau. Nami naigiza." Akanywa. "Ila mchezaji mzuri ni yule anayesahau kidogo."

Ilikuwa Alhamisi alipomwosha miguu akakuta kitambaa kimelowa. Donda lilikuwa limefunguka pembeni, jekundu, kama mdomo unaotaka kusema neno. Bi Sikudhani hakumwambia mumewe. Alijifunga kanga, akaenda ofisi ya tabia kwa miguu, jua kali.

Bwana Ndembo alikuwa ndani, na nje gari lake lilikuwa linaunguruma.

"Tuache leo, mwanangu," akasema Bi Sikudhani. "Imekomaa. Imepitiliza. Niandikie sasa hivi nimeacha."

"Huwezi kuacha kabla ya Siku ya Kuacha, Mama."

"Mguu wa mzee umefunguka."

Bwana Ndembo akainamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Katika habari yote hii hakuna mtu mbaya, na laiti angekuwapo mmoja, tungejua pa kumpelekea malalamiko. "Ukiacha mapema," akasema polepole, "maana yake hukuwa nayo. Wataandika ulidanganya. Kaya sugu inachukuliwa uwanja, kaya danganyifu inachukuliwa na nyumba. Vumilia. Hata mimi nimepangiwa kuacha hiyo." Akanyoosha kidole dirishani, kwenye gari. "Mafuta yananimaliza. Mshahara wote unaunguruma pale nje. Lakini nikizima leo, siku hiyo nitaacha nini?"

Wote wawili wakalisikiliza gari.

Aliporudi nyumbani alificha soda. Mzee Shomvi, ambaye alikuwa hajatembea bila fimbo mwaka mzima, alizikuta chini ya mtungi.

*

Siku ikafika. Uwanja ulikuwa kijani tupu, viti, mahema, na kuku wa karamu ambao nao walikuwa wamepakwa. Msafara wa Mheshimiwa Mno ulichelewa, kwa kuwa aliamuru watu wote watembee kwa miguu kwa afya zao, wakajaa barabarani, magari yake yakakosa njia.

"Wanangu," akasema alipopanda, akiwa juu ya kiti chake, "mwili mchafu hauwezi kukaa katika nchi safi, wala nchi chafu haiwezi kukaa katika mwili safi, na kati ya viwili hivi kipo cha tatu, ambacho nitakitaja mwakani. Mimi mwenyewe nimeacha. Sitasema nini. Lakini nimeacha."

Watu wakalia kwa furaha. Kisha akaenda kupanda mti, katika shimo lile lile alilopandia mwaka uliopita na mwaka wa juzi yake, maana shimo zuri halitupwi.

Kaya zikaanza kupita. Mama Chausiku aliacha tatu kwa mpigo akashangiliwa mpaka akazirai kidogo. Ikafika zamu ya Mferejini. Mzee Shomvi alibebwa kwa kiti na vijana wa mtaani, mguu umefungwa kanga. Bi Sikudhani akainua chupa juu, akasema kama alivyofundishwa, "Mimi na mume wangu tulikuwa na tabia ya soda. Leo tunaiacha." Akaiweka mezani. Mkono wa Mzee Shomvi uliifuata chupa kidogo, kisha ukarudi.

Mheshimiwa Mno akaguswa. "Mama," akasema kwenye kipaza sauti, "taabu ya kuiacha ilikuwa kubwa?"

"Taabu ilikuwa kuipata, Mheshimiwa Mno."

Bwana Ndembo akafumba macho. Kisha Mheshimiwa Mno akacheka, basi wote wakacheka, na waziri akaagiza neno lile lichapishwe kwenye fulana, kwa kuwa halikueleweka na hivyo lazima ni methali. Na papo hapo Bi Sikudhani na Mzee Shomvi wakatangazwa Kaya ya Mfano. Mlango wao ungepakwa mara mbili.

Bi Sikudhani akashusha pumzi. Bustani imepona, alijiambia. Kesho nitaanza naye upya, asubuhi na jioni.

*

Kesho yake, kabla maji ya uji hayajachemka, lori lilisimama mlangoni. Wakashuka vijana na majembe, na nyuma yao Bwana Ndembo, kwa miguu na mwenye furaha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuliacha gari lake.

"Hongera, Mama. Mheshimiwa Mno atapita na wageni kuona kaya ya mfano. Tumekuja kukutengenezea uwanja."

Bi Sikudhani alisimama mbele ya mboga zake, mikono ameitanua kama anayezuia kuku. Ilikuwa kiangazi. Mchunga ulikuwa umekaa katikati ya mabua makavu na majani aliyoyatandaza kutunza unyevu, na kwa mtu anayepita na gari, pale palikuwa pakavu na pa kahawia.

"Si mlisema wanaochukuliwa ni kaya sugu?"

"Kaya sugu inachukuliwa uwanja, Mama. Kaya ya mfano inatunzwa uwanja."

"Tofauti yake nini?"

Bwana Ndembo akafikiri kwa haki kabisa. "Kaya sugu haipewi zulia," akasema.

Wakalikunjua. Lilikuwa nyasi za plastiki, kijani kilichopita kijani, nyasi zisizotaka maji wala jua wala Mungu. Wakang'oa mchunga, wakang'oa mlenda na matembele, wakasawazisha, wakatandika, wakapigilia misumari pembeni. Mboga zikarushwa lorini pamoja na magugu. Bi Sikudhani alimshika mkono kijana mmoja. Kijana akamtazama, akapanda lorini, akateremka na fungu moja.

"Chukua, Mama, kama una sungura."

Mchana walimpeleka Mzee Shomvi zahanati. Mganga alifungua kitambaa, akakifunga. Alimtazama Mzee Shomvi, akautazama ukuta, hakumtazama Bi Sikudhani. "Jumatatu mje na nguo za kulalia," akasema.

Wakarudi.

Jioni Bi Sikudhani akachambua lile fungu, jani kwa jani, kwa uangalifu kama anayekata kucha za mtoto. Akayaosha. Akayachemsha kama alivyoyachemsha maisha yake yote, maji kidogo, chumvi kidogo, ndimu mwishoni. Harufu ikajaa chumba, ile ile. Akayapakua yote kwenye sahani ya mumewe, akakaa karibu na kitanda, akamega tonge la ugali, akachovya, akamlisha kwa mkono wake.

Mzee Shomvi akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena kwa heshima, akameza kwa shida, na tonge la pili likipanda akalizuia taratibu kwa kiganja. Hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu ya mtu anayelazimika kumwambia mwenziwe jambo zito baada ya miaka mingi.

"Zamani ulikuwa unapika vizuri," akasema kwa upole. "Nini kimekupata, Sikudhani? Umebadilika."